Kufukuza maji ya mvua ndani ya gari: shajara ya masika

Jumapili jioni

Gari ni wagon ya mtumba kutoka Japani, usukani kulia, reli mbili juu ya paa. Linalala nje, kwenye mteremko huku Goba, Dar es Salaam, chini ya mwarobaini. Tangu masika yaanze, kapeti la mbele kushoto ukilikanyaga linatoa maji, na kwenye buti, pale linapokaa tairi la akiba, pana dimbwi. Ndani kunanuka uvundo. Binti yangu ana pumu, naye ndiye anayekaa siti ya nyuma kushoto kila asubuhi akienda shule. Kwa hiyo hili si suala la usafi tu, na nataka nilimalize mvua ikiwa bado ipo, nipate kuhakikisha kazi kwa mvua yenyewe.

Ushauri ninaopewa na kila ninayemuuliza ni ule ule: nunua silikoni, paka pembeni mwa kioo cha mbele na kwenye raba za milango, basi. Ushauri huo siufuati, na sababu naiandika hapa mwanzoni kwa sababu kazi yote inayofuata imesimama juu yake.

Gari halikuundwa kuzuia kila tone. Limeundwa kuyapokea maji, kuyapitisha kwenye mifereji yake na kuyatoa chini kwa matundu maalumu. Kila mvua inaponyesha, maji hushuka ndani ya milango, pale kioo cha dirisha kinapozama. Huingia chini ya waipa. Gari lenye sanrufu huyapokea hata pembeni mwa kile kioo cha paa, yakateremka kwa mirija iliyofichwa ndani ya nguzo. Yote hayo ni sawa. Shida huanza pale njia ya kutokea inapoziba, au kizuizi cha mwisho kinapotoboka. Ukipaka silikoni bila kujua maji yanapita wapi, waweza kuziba lile lile tundu la kuyatoa, ukayafungia ndani. Tena silikoni ya bei rahisi, ile inayonuka siki ikiwa mbichi, hutoa asidi inapokauka. Kwenye bati lililochubuka rangi inaleta kutu, na baadaye hakuna rangi inayokubali kushika juu yake.

Jumatatu

Leo swali ni moja: haya ni maji gani? Maana si kila maji yaliyo kwenye sakafu ya gari yametoka mawinguni.

La kwanza kuchunguza ni AC. Kwa joto na unyevu wa Dar, AC hutengeneza maji mengi, nayo hutoka kwa mrija mdogo unaotokeza chini ya gari. Mrija ukiziba, maji yanamwagika ndani, mara nyingi upande ule ule wa abiria wa mbele. Kipimo chake ni rahisi: siku isiyo na mvua, washa AC kwa nguvu gari likiwa limesimama, kisha angalia chini. Langu limedondosha vizuri na kuacha alama mchangani. AC haina hatia.

La pili ni maji ya rejeta. Kulanti ina rangi, inateleza ukiisugua kwa vidole, ina harufu yenye utamu fulani, na ikivuja ndani huacha ukungu wa mafuta kwenye kioo cha mbele. Nimechovya kidole kwenye maji ya kapeti: hayana rangi, hayatelezi, na kulanti kwenye chupa yake haijashuka. Basi ni mvua.

Aliyepita na gari kwenye mafuriko, maji yakaingia kutoka chini, hii shajara si yake moja kwa moja. Hapo ni kuangalia raba za kuzibia matundu ya sakafu, na kwa haraka ni kumwita fundi umeme.

Jumatano, baada ya kazi

Nimefungua betri upande wa hasi, nikasubiri dakika kumi, ndipo nikatoa siti ya mbele kushoto. Chini ya siti kuna soketi za njano, na njano kwenye gari maana yake ni airbag, ule mfuko wa hewa unaokinga abiria kwenye ajali, au mkanda wa siti. Hizo hazichomolewi betri ikiwa bado imeunganishwa, wala swichi haiwashwi siti ikiwa nje, vinginevyo taa ya airbag itawaka kwenye dashibodi na kubaki imewaka.

Kisha kapeti. Juu lilikuwa na unyevunyevu tu. Mtu angelianika jua moja akaridhika. Lakini chini ya manyoya kuna sponji nene, na sponji ile inanyonya kama godoro. Niliponyanyua pembe yake kwa mikono miwili ilikuwa nzito, na nilipoikandamiza ikatoa maji ya rangi ya chai yenye chenga nyeusi. Chini ya sponji, kwenye bati, pembeni mwa kizingiti, unapita mkungu wa waya uliozungushiwa utepe. Konekta moja imelala pale pale majini. Nimeifungua: pini mbili zimeota ukijani. Mlango wa nyuma umekuwa ukijifunga wenyewe siku za mvua, na sasa nadhani sababu yake naiona. Nimeisafisha kwa spirei ya konekta na mswaki laini, nikaikausha, nikaifungia juu ya kizingiti kwa muda.

Anayeishia kuanika kapeti kwa juu, maji anayaacha pale pale waya zilipo. Sponji lazima itoke.

Jumamosi

Siku ya mpira wa maji. Mpwa wangu amekuja kusaidia, maana kazi hii haifanyiki na mtu mmoja: mmoja nje na mpira, mmoja ndani na tochi.

Ndani nimefuta kila mahali mpaka pakakauka, nikapaka unga wa chaki kwenye bati na kwenye kuta za chini ya dashibodi. Maji yakipita juu ya chaki yanachora mstari, na mstari unaufuata kwenda juu mpaka chanzo. Kwenye sakafu nimetandika gazeti.

Nje, maji ni ya kutiririka tu, bila presha. Mashine ya kuoshea magari inasukuma maji hata penye raba nzima, na hapo utatibu ugonjwa usiokuwepo. Unaanzia chini unapanda: kizingiti, nusu ya chini ya mlango, dirisha, pembe ya chini ya kioo cha mbele, pembe ya juu, paa. Kila sehemu unaipa muda wa kutosha kabla ya kuhama. Ukianzia paani, maji yanalowesha kila kitu kwa pamoja na hutajua lililoingia limeingilia wapi.

Kizingiti, kimya. Mlango wa mbele, kimya. Nilipouweka mpira kwenye pembe ya chini ya kioo cha mbele, kushoto, mwanzoni palikuwa kimya pia. Nikauacha pale. Baada ya muda nikasikia kutoka ndani: "Mjomba, yanashuka! Lakini siyo kwenye kioo, yanatoka huku nyuma, kwenye feni!"

Tulikuwa tumeshatoa droo ya dashibodi. Nikainama na tochi. Maji yalikuwa yanakusanyika kwenye kiungo cha boksi la feni ya AC, tone linanenepa, linaachia, linalofuata linaanza. Kioo kilikuwa kikavu, na chaki iliyo chini yake haijaguswa. Silikoni niliyoshauriwa kupaka kwenye kioo ingekuwa kazi bure.

Tukatoa mikono ya waipa na lile plastiki la chini yake. Mfereji wa chini ya kioo, upande wa kushoto, ulikuwa umejaa majani ya mwarobaini. Ya juu yalikuwa bado majani. Ya katikati yamekuwa mabaki ya vijiti. Ya chini kabisa ni udongo mweusi, na ndani ya udongo ule mbegu ya mwarobaini ilikuwa imeota, mzizi wake mweupe umeingia kwenye tundu la kutolea maji. Gari langu husimama limeinamia kushoto kwa sababu ya mteremko, kwa hiyo maji yote yanakimbilia upande huo. Tundu limeziba, maji yanapanda, yanafika kwenye ukingo wa mdomo wa kuingizia hewa, yanamwagikia kwenye feni, na kutoka hapo kwenye kapeti. Ndiyo maana mvua ndogo haikuleta kitu, na kubwa ilileta mafuriko.

Majani nimeyatoa kwa mkono na kijiko, kisha kwa mashine ya kuvuta vumbi. Kuyasukuma kwa maji kungeyapeleka chini zaidi, mahali mkono haufiki. Tundu nimelipitisha uzi wa nailoni wa mashine ya kukatia nyasi: ni mgumu kiasi cha kuzibua na mlaini kiasi cha kutotoboa. Wenye sanrufu mtumie huo huo kwenye mirija yenu. Upepo wa kompresa unaweza kuchomoa mrija ndani ya nguzo, halafu kuufikia ni kushusha dari nzima. Nimefungua pia klipu chache za plastiki lililo nyuma ya tairi la mbele, kwa sababu takataka zinazopita kwenye tundu hutua humo. Zilikuwepo za kutosha kujaza ndoo ndogo.

Nimemimina jagi la maji kwenye mfereji. Yamekimbia na kutokea nyuma ya tairi la mbele mara moja.

Filta ya hewa ya AC, inayokaa jirani na ile feni, imetoka imelowa na ina madoa meusi ya kuvu. Hewa yote aliyokuwa akivuta binti yangu njiani ilipita humo. Nimeitupa. Sitawasha feni tena mpaka boksi lake nilisafishe, na filta mpya nitaiweka.

Jumapili

Kioo cha mbele kimewahi kubadilishwa, na fundi bodi wa mtaani kwetu, mzee ninayemheshimu sana kwa kazi yake, alinionya nisikiamini kwa kupita salama kwenye mpira peke yake. "Kipime kwa upepo, mwanangu," akasema. Namna yake ni hii: funga vioo na milango, chagua hewa iingie kutoka nje, washa feni mpaka mwisho, ziba kwa utepe matundu ya kutolea hewa yaliyofichwa na bampa la nyuma. Hewa inajaa ndani na kutafuta pa kutokea. Nje unapuliza maji ya sabuni kwenye viungo vyote. Panapotoka hewa, sabuni inafanya mapovu, na panapotoka hewa ndipo maji yanapoingia.

Boksi la feni nimelisafisha na kulikausha kwanza, siti na soketi zake zikarudi kabla ya kugusa swichi, na binti yangu amekwenda kwa bibi yake kwa siku nzima. Kuvu likitikiswa hurusha vumbi lake hewani, na mwenye pumu hatakiwi kuwa karibu. Mimi nilivaa barakoa.

Kioo cha mbele: hakuna povu hata moja. Gundi inayokishikilia kioo, ya polyurethane, imeshika, nayo sitaigusa. Taa ya nyuma kushoto: mapovu yametoka upande wote wa chini. Mguu wa nyuma wa reli ya paa, kushoto pia: povu moja linalochemka polepole, likipasuka linazaliwa lingine. Hilo sikulitegemea, na nisingeliona kwa mpira wa maji hata ningekaa kutwa.

Jumanne

Taa ya nyuma. Nati zake ziko ndani ya buti, na nyuma ya taa kuna raba ya sponji inayokandamizwa kati yake na bati. Ya kwangu imelala bapa na kuwa ngumu upande wa chini. Kwenye bati, kuanzia pale ilipo, kuna mchirizi wa kahawia ulioteremka mpaka kwenye shimo la tairi la akiba. Maji yenyewe yalikuwa yameniachia ramani. Nimesafisha uso wa bati kwa spiriti, nikazungusha utepe wa butili, ile gundi nyeusi inayonata na isiyokauka, nikarudisha taa na kukaza nati kwa zamu, kidogo kidogo, ili plastiki isipasuke.

Jirani alipita akanishauri nitoboe tundu chini ya shimo la tairi, maji yawe yanatoka yenyewe. Hapana. Tundu lile linafungua njia ya moshi wa ekzosi kuingia ndani walikokaa watoto, na vumbi la barabara zetu pia. Shimo lina kizibo chake cha raba, nacho kinatosha kutoa maji ukihitaji, halafu unakirudisha. Chini ya shimo palikuwa na kutu ya juu juu. Nimeipiga msasa mpaka bati likang'aa, nikapaka dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki, praima, kisha rangi.

Reli ya paa ni bolti mbili kila mguu. Chini ya mguu kuna kipande cha raba kilichopasuka kwa jua. Nimetumia butili hapo pia, kidogo kuzunguka kila bolti. Maji yaliyopita hapa yalikuwa yanatembea juu ya dari kwa ndani na kuteremka kwa nguzo ya nyuma, kwa hiyo dimbwi moja la kwenye buti lilikuwa na vyanzo viwili. Ningetibu taa peke yake, ningeambulia dimbwi dogo zaidi na kuanza upya kulalamika.

Alhamisi

Mlango wa nyuma kushoto, upande wa binti yangu. Kapeti la pale lilikuwa na unyevu, na nilifikiri ni maji yaliyosambaa kutoka mbele. Lakini chaki ilionyesha mstari unaotoka chini ya kava la ndani la mlango, juu ya kizingiti.

Nimetoa kava. Nyuma yake, kila mlango una nailoni iliyogandishwa kwa gundi nyeusi. Kazi ya nailoni ile wengi hawaijui, na mafundi wengi wanaichana wakiharakia mota ya kioo. Maji yanashuka ndani ya mlango, hiyo ni kawaida. Nailoni inayazuia yasivuke upande wa abiria, na ukingo wake wa chini umechomekwa kwenye upenyo wa bati ili yanayochirizika juu yake yarudi ndani ya mlango na kutoka kwa matundu ya chini. Yangu ilikatwa kwa wembe wakati gereji moja iliporekebisha kioo, ikabandikwa selotepu. Selotepu imeachia zamani.

Nimekata nailoni mpya nzito, nikatumia ya zamani kupimia umbo lake, nikaigandisha kwa kamba ya butili kuzunguka pote bila kuacha pengo hata upana wa kidole. Ukingo wa chini nimeuchomeka ndani, si nje. Ukiuacha nje, umetengeneza mlizamu wa kumwagia maji kwenye kapeti lako. Matundu ya chini ya mlango nimeyazibua kwa kijiti cha mbao, maana chuma kinachubua rangi na kuleta kutu. Mawili yalikuwa yamezibwa na matope.

Raba ya mlango yenyewe nimeipima kwa karatasi: unaweka karatasi, unafunga mlango, unavuta. Ikitoka kwa shida raba inafanya kazi, ikiteleza bure imechoka. Pembe ya juu ya nyuma inateleza. Haijaingiza maji bado, ila nitainunua.

Jumamosi nyingine

Kukausha ndiko kunakokula muda kuliko kazi zote. Jua la masika ni la kuvizia. Sponji imesimama wima kibarazani na feni ya mezani inaipulizia mchana na usiku, nami naigeuza. Kapeti nimelisugua kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji ili kuua kuvu, nikalisuuza na kulianika. Jiki sitaki iguse humu: inapausha kapeti na kudhoofisha nyuzi za mkanda wa siti, na mkanda ndio uhai wa mtu.

Gari linatumika kwa sasa bila kapeti, bati tupu upande wa kushoto. Siti ilisharudi na kufungwa bolti zake zote, soketi za njano zilirudi mahali pake kabla ya betri kuunganishwa, na taa ya airbag imewaka na kuzima inavyotakiwa.

Jumatatu asubuhi

Usiku mvua imepiga mfululizo, ile ya kuamsha watu waondoe vyombo nje. Nilikuwa nimetandika gazeti sakafuni pote na kwenye shimo la tairi. Asubuhi: mbele kushoto, kavu. Nyuma kushoto, kavu. Shimo la tairi, kavu. Chini ya reli ya paa, dari ni kavu kwa kiganja. Chini ya gari, nyuma ya tairi la mbele, kuna korongo dogo lililochimbwa mchangani na maji yaliyotoka kwenye mfereji wa waipa, mahali ambapo mvua zilizopita hapakuwa na alama yoyote. Mlango wa nyuma haujajifunga wenyewe tangu konekta ikauke.

Filta mpya imeingia. Sponji nimeipima kwa kuikandamizia tishu: pande zote tishu inatoka kavu, isipokuwa ile pembe nene ya chini ya dashibodi, kwa hiyo inaongezewa feni, na kapeti halirudi mpaka pembe hiyo nayo ikauke. Konekta niliyoifungia juu ya kizingiti itabaki huko huko juu, kwa klipu mpya. Raba ya mlango naifuata kwenye maduka ya spea, mtaa wa Gerezani, mwisho wa wiki. Plastiki la waipa nimelirudisha, na mfereji wake nitaufungua tena mvua zikikatika, halafu tena kabla ya vuli, kwa sababu mwarobaini siukati: watoto wanacheza kivulini mwake.